Kuondoa mashine ya kupumulia: ni sawa na kutoiwasha tangu mwanzo?

NesiWaZamu

Wakuu wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) na tiba shufaa (ya kupunguza mateso ya mgonjwa), habari za kazi. Chukulieni mgonjwa wa miaka 71, damu nyingi imevujia kwenye ubongo, siku ya tisa yuko kwenye mashine ya kupumulia. Ubongo haujafa: akifyonzwa makohozi anakohoa kidogo, na anavuta pumzi chache za kwake. Madaktari wa mishipa ya fahamu wanasema hatarudi kujitambua. Mtoto mkubwa anasema mzazi alishatamka kwamba hataki kuishi kwa mashine. Mdogo wake hakubaliani.

Kwenye timu kuna wanaosema kutoanza si tatizo, ila ukishaanza, kuondoa ni kuua kwa mkono wako. Je, kimaadili tofauti hiyo ipo? Na dawa za kabla ya kutoa mpira wa hewa ulio kooni zitolewe vipi ili iwe tiba kweli, isiwe kuharakisha kifo?

Mizani

Nesi, anayezima mashine anajulikana, asiyeiwasha haonekani. Ndiyo maana kuondoa kunauma zaidi, na wenzako hawakosei kuyahisi maumivu hayo. Lakini uhalali wa tiba yoyote unasimama juu ya mambo mawili: inamfaa mgonjwa, na mwenyewe anaikubali. Yakikosekana siku ya kwanza, huanzi. Yakikosekana siku ya tisa, huendelei. Tena siku ya tisa una hoja nzito zaidi, kwa sababu umeshajaribu na matokeo umeyaona. Msimamo wa "kilichoanzwa hakiondolewi" una madhara yake: daktari ataogopa kuanza, na mgonjwa ambaye pengine angeamka atanyimwa nafasi.

Kuipima nia, jiulizeni hivi: mashine ikitoka na mgonjwa akaendelea kupumua, je, mpango wenu umeshindwa? Kama jibu ni hapana, hamkukusudia kuua. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya New Jersey ilimruhusu baba wa Karen Ann Quinlan kuomba mashine ya binti yake iondolewe. Iliondolewa, naye akaendelea kupumua mwenyewe, akalishwa kwa mrija, hadi alipofariki mwaka 1985. Wazazi wake hawakuona kwamba kazi imebaki nusu.

Ila hakikisheni ubashiri wenu kwanza. Kwenye kuvuja damu ubongoni, uamuzi wa mapema wa kuacha tiba hujitimizia wenyewe: mnasema atakufa, mnaacha tiba, anakufa, nanyi mnaona mlikuwa sahihi. Siku ya tisa si mapema, lakini ulizeni kama alipimwa akiwa hana kabisa dawa za usingizi mwilini. Figo zikiwa mbovu, midazolamu, dawa ya usingizi, hukaa muda mrefu kuliko mnavyodhani.

Shufaa24

Mimi nijibu la dawa. Balaa kubwa kuliko yote ni dawa ya kulegeza misuli iliyobaki mwilini. Mgonjwa hawezi kukunja uso, hawezi kuhangaika, hawezi kuvuta pumzi. Anakosa hewa kimyakimya na kila mtu anadhani ametulia. Isimamisheni, subirini iishe, na pimeni kwa kifaa cha kusisimua neva kabla ya kugusa mashine.

Chakula cha mrija kisimamishwe saa kadhaa kabla, na dripu zipunguzwe, maana maji mengi huongeza mkoromo. Dawa ya kukausha mate (haiosini butilbromidi, miligramu 20 chini ya ngozi) itolewe mapema. Inazuia ute mpya, haiondoi uliokwisha kujikusanya kooni. Amekaa na mpira siku tisa, koo linaweza kuwa limevimba, kwa hiyo deksamethasoni saa chache kabla inasaidia. Kama ana kifaa cha kushtua moyo kifuani, kizimwe, la sivyo kitampiga shoti akiwa anakata roho.

Asiyezoea mofini, dawa ya maumivu na ya kutuliza pumzi, huanza na miligramu 2 hadi 5 kwenye mshipa, pamoja na midazolamu miligramu 1 hadi 2, kisha mnarudia kila dakika 5 hadi 10 kadiri dalili zinavyodai. Aliye tayari kwenye dripu ya mofini hupewa kwa mkupuo kiasi anachopata kwa saa moja, na kinaweza kwenda hadi mara mbili yake. Halafu ndipo mashine ishushwe, mpira ukiwa bado kooni: oksijeni hadi asilimia 21, kisha msukumo wa hewa taratibu kwa dakika 10 hadi 20. Pumzi zikipita 30 kwa dakika, au mabega yakianza kupanda, simameni hapo, ongezeni dawa, subirini atulie, ndipo mwendelee. Mpira unatoka mwisho. King'ora cha mashine na cha monita vizimwe kabla ndugu hawajaingia.

Kinachotenganisha tiba na kuua kinaonekana kwenye faili. Andikeni hivi: "Saa 8:10, pumzi 34, anakunja uso, mofini miligramu 3. Saa 8:20, pumzi 22, uso umelegea." Dozi inayofuata dalili inajieleza yenyewe. Miligramu 30 kwa mgonjwa aliyetulia haina maelezo, hata muiite kwa jina gani.

Ndugu msiwape saa ya kufa. Waambieni inaweza kuwa dakika, saa au siku, na kitanda chake kiwe kimeshapangwa.

KandoYaKitanda

Naongeza kitu kwa Mizani. Si kila mtu anakubali kwamba kuondoa na kutoanza ni kitu kimoja, na familia zina haki ya kushika mapokeo yao. Papa Pius XII aliwaambia madaktari wa usingizi mwaka 1957 kwamba hakuna wajibu wa kutumia njia zisizo za kawaida. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, Amman 1986, liliruhusu kuondoa mashine pale ubongo umekufa kabisa, kwa hiyo azimio hilo msilitumie kwa mgonjwa huyu kana kwamba linamhusu. Sheria ya Israeli ya 2005 hairuhusu kukatiza tiba inayoendelea mfululizo, ila inaruhusu mashine iwekewe saa ya kujizima, ili kutoiwasha tena kuhesabike kama kutoanza. Muulizeni kiongozi wa dini ambaye familia yenyewe inamwamini.

Na muuguzi ambaye dhamiri inamkataza asilazimishwe. Mbadala wake apatikane kabla ya zamu kuanza.

NesiWaZamu

Asanteni sana. Sasa huyu mdogo anasema, "Fanyeni kila kitu." Tunaanzia wapi?

Mizani

Kwanza mmempa swali gani? Ukiuliza "mnataka tufanye kila kitu?", hakuna mtoto atakayesema hapana mbele ya ndugu zake. Waulize wote wawili, wameketi pamoja: "Mzee angekaa hapa nasi akajiona alivyo, angesema nini?" Hapo hawapigi tena kura, wanatoa ushahidi juu ya mtu wanayemfahamu. Daktari naye atamke pendekezo lake waziwazi, asiwaachie watoto peke yao mzigo huo.

Wakibaki wamegawanyika, wekeni jaribio la muda, tuseme saa 72, na alama ziandikwe leo: je, anafuata agizo hata moja, je, macho yanamfuata mtu, je, mashine inaweza kupunguzwa bila pumzi kupanda? Saa na tarehe ya kikao kijacho ziandikwe pia. Jaribio lisilo na tarehe ya mwisho huwa linageuka wiki sita na shimo la kupumulia lililotobolewa kooni.

Kabla ya saa hizo kuanza, amueni habari ya moyo kusimama. Kukandamiza kifua sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huvunja mbavu na hakutibu damu iliyomo kichwani. Mwelezeni mdogo mtu kwamba kutomfufua hakugusi antibiotiki, kugeuzwa kitandani wala mofini. Mara nyingi hofu yake iko hapo, kwamba mkishaandika hilo neno baba yake atatelekezwa. Mwonyesheni kwenye faili orodha ya yanayoendelea, zamu kwa zamu.