Anacheka huku mandazi iko mdomoni!

Mchovu_wa_Umoja: Wakuu, nimetoka usaili Westlands sasa hivi, niko steji mikono bado inatetemeka. Yule mzee wa kipara mnamjua, msijifanye. Ameandika ubaoni:

`int i = 5;`
`printf("%d %d", i++, i++);`

"Jibu ni ngapi?" Nikamwambia kwa heshima, mzee, lugha ya C haisemi ni hoja ipi, yaani ipi kati ya hizo i++ mbili, ianze kukokotolewa. Kila i++ inaongeza i kwa moja, na ukibadilisha i mara mbili bila mpaka katikati, kompaila, ile programu inayotafsiri kodi, ina ruhusa ya kutoa chochote. AKACHEKA. Mandazi iko mdomoni! "Kijana, kompyuta yangu inajua, wewe ndiye hujui." Makombo yakatua kwa vyeti vyangu. Kwa VYETI!

Eti jibu ni 6 5, limetoka kwa mashine yake ya enzi za Moi. Na akacheka tena. Nimepiga shati pasi usiku kucha ndio nije kutemewa mandazi?

BintiKayole: Hapa kwangu kompaila ya gcc imetoa 6 5, ya clang 5 6. Mpelekee zote mbili na chai.

Nyundo254: Si kuna koma hapo katikati? Koma inapanga foleni.

BintiKayole: Koma ya kutenganisha hoja haipangi kitu, buda. Inayopanga ni ile koma ya opereta, pamoja na && na ||. Washa maonyo ya -Wall uone gcc ikikuzomea.

Nyundo254: Kumbe wewe ndiye ulikuwa unakula mandazi.

MzeeWaJava: Huku kwetu kwa lugha ya Java ni kushoto kwenda kulia, imeandikwa, watu wanalala. Endeleeni kuteseka.

Mchovu_wa_Umoja: Hakufunika hata mdomo!

Kachumbari: Afadhali wewe. Mhadhiri wetu aliweka `i = i++ + ++i` kwa mtihani, alama kumi. Nikaandika "haina jibu". Sufuri. Nikarudia somo zima, na swali likarudi vilevile.

BintiKayole: Mwaka wa pili ukaandika nini?

Kachumbari: Niliandika 12, nikapewa alama zote. Sijivunii.

Toroka_Rongai: Mnalilia i? Leo asubuhi konda amebaki na chenji yangu ya mia, akanipa peremende mbili.

Nyundo254: Ile gari ya zambarau?

Toroka_Rongai: Hiyo hiyo!!

Nyundo254: Huyo tunamjua. Mimi ananidai eti sikulipa Jumatatu.

Mchovu_wa_Umoja: Jamani, mandazi…

MzeeWaJava: Peremende za nini, mnanaa?