Huyu wa "ni kitu kimoja tu" apokonywe kibodi

Wakuu, mnamjua. Yule wa "pesa mkononi ndani ya saa 24". Leo kawaambia wafuasi wake kwamba Marekani kesi ya kundi na kesi zilizounganishwa "ni kitu kimoja tu", mkopo wa kusubiria fidia unapata kokote. Kitu kimoja! Basi na chura ni ng'ombe, si wote wanakunywa maji?

Kesi ya kundi, Kanuni ya 23 ya mahakama za shirikisho za huko: wachache wanasimama mahakamani kwa niaba ya maelfu, fungu moja linagawanywa. Chukua fidia ya dola milioni 20. Mawakili wakikata 25%, imebaki 15. Kundi lina watu milioni moja: dola 15 kila kichwa, na gharama za ugawaji hujatoa. Nani akukopeshe kwa dhamana ya dola 15? Tena mkopeshaji anataka wakili wako asaini kwamba fidia ikitoka, mkopeshaji analipwa kabla yako. Wakili wa kundi hata jina lako halijui, asaini nini?

Zilizounganishwa, kwa sheria ya 1968, zinapelekwa kwa jaji mmoja kwa maandalizi tu. Kila mdai anabaki na kesi yake, wakili wake, majeraha yake. Hapo mkopo unazungumzika. KITU KIMOJA, anasema!

Chapakazi: Povu lote hili, mleta mada? Ila umesahau: anayetaka kushtaki mwenyewe ajitoe kundini kabla ya tarehe iliyo kwenye barua ya taarifa wanayotumiwa watu wa kundi. Ikipita, makubaliano yanakufunga hata kama barua hukuifungua.

Mleta mada: Sawa, lakini KITU KIMOJA?

Sindano: Riba mbona hamuigusi? 3% kwa mwezi, riba juu ya riba: dola 10,000 inafika 20,328 miezi 24, na 28,983 miezi 36. Ukishindwa kesi hudaiwi, ndiyo maana anayeshinda anakamuliwa.

Chapakazi: Na hizo barua zenyewe, maandishi kama miguu ya sisimizi.

Njiwa: Afadhali barua. Kuponi je? Umeumizwa, unapewa punguzo ukanunue tena kwa aliyekuumiza!

Sindano: Tangu 2005, kwenye mahakama za shirikisho, ada ya wakili inayotokana na kuponi inapimwa kwa zile zilizotumika.

Njiwa: Kwa hiyo zikilala kwenye droo, wakili naye alale njaa? Safi sana.

Mleta mada: Jamani, si tulikuwa tunamsema yule…

Chapakazi: Yupi?