Naomba ushauri: kumtafuta mwajiri wa babu, machimbo ya dhahabu ya Kakamega

Ndugu wanachama, heshima kwenu. Marehemu babu yangu alikuwa kibarua katika machimbo ya Kakamega, miaka ile ambapo sheria ya ardhi ilirekebishwa (1932) ili mashamba ya wenyeji yatwaliwe kwa ajili ya dhahabu bila wao kupewa ardhi nyingine. Alituachia kipande chake tu (kitambulisho cha kazi cha enzi ya ukoloni), karatasi iliyokunjwa ndani ya kikopo cha bati chenye kutu. Namba inasomeka, lakini jina la mwajiri limefutika. Nimewauliza wazee watatu, nao wakanitajia migodi mitatu tofauti. Je, namba hiyo pekee yaweza kunifikisha kwa mwajiri katika Makavazi ya Kitaifa, Nairobi, na nianze na majalada ya wilaya au ya madini?