Bima ya afya ya ofisi imepanda kutoka milioni 52 hadi 66. NHIF, binafsi, au tujilipie wenyewe?

NjiroHesabu
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mhasibu wa kampuni ya utalii hapa Arusha, ndogo tu. Wafanyakazi wa kudumu 34, na ukijumlisha wenza na watoto kadi zinafika 121. Bima yetu inaisha Machi 31. Mwaka huu tulilipa milioni 52. Jana dalali kaleta barua ya kuhuisha: milioni 66. Maelezo yake mstari mmoja, "kutokana na ongezeko la madai". Bosi kaisoma, kanirudishia, kasema anataka jibu Ijumaa ijayo.

Kinachoniumiza zaidi ni kalenda. Aprili na Mei ni masika, wageni hakuna, magari yako gereji, na ndio wakati huohuo bima inataka pesa kwa mkupuo.

Nina njia tatu kichwani. Kuhamia NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Kubaki binafsi ila tupunguze: kikomo cha matibabu ya nje (yale ya bila kulazwa) kishuke, au mfanyakazi achangie kidogo kila akienda hospitali. Ya tatu, tukate bima ya kulazwa tu, matibabu ya nje tujilipie wenyewe. Waliopitia naomba msaada, na hesabu kama mnazo.

Kaloleni_HR
Pole kaka. Anza na NHIF maana hesabu yake ni rahisi. Mchango wa mwajiriwa ni asilimia 6 ya mshahara, mwajiri 3 na mfanyakazi 3. Mwenye 400,000 anachangiwa 24,000 kwa mwezi. Mwenye milioni 3 anachangiwa 180,000, yaani 2,160,000 kwa mwaka, na kadi zao zinatibu sawasawa: mwenye kadi, mwenza, na wategemezi hadi wanne. Bima binafsi yenyewe inahesabu vichwa na umri, mshahara wako haiujui. Kwa hiyo ofisi ya madereva na wapishi wengi NHIF inaibeba. Ofisi ya mabosi watupu haioni unafuu.

NjiroHesabu
Mishahara yetu ya msingi ni kama milioni 31 kwa mwezi. Asilimia 6 ni 1,860,000. Mara 12 ni 22,320,000. Nimerudia mara tatu nikidhani nimekosea sifuri. Dhidi ya 66!

TengeruMbuzi
Usichinje mbuzi bado. Nusu ya hiyo inatoka kwa mfanyakazi ambaye leo halipi hata senti. Mwambie dereva wa 700,000 kwamba kuanzia Aprili anakatwa 21,000 kila mwezi, halafu kadi haimpeleki tena pale alipozoea. Utanisimulia.

Sisi tulihamia 2023. Machi 2024 hospitali kadhaa binafsi zikagoma kupokea kadi za NHIF kwa ugomvi wa bei za kitita kipya cha matibabu, na wiki ile simu yangu haikupoa. Mambo yakatulia. Bado tuko huko na sijutii, kwa sababu mtu wetu mmoja alilazwa hospitali ya KCMC wiki tano, na bila kadi ile ofisi ingeuza gari. Wanacholalamikia watu wangu ni foleni, na kuambiwa kwenye kituo fulani kwamba dawa hakuna, kanunue nje.

Kijenge_Juu
Kwani si mnagawa? Madereva na wapishi NHIF, mameneja wabaki binafsi. Tumemaliza.

NjiroHesabu
Nilifikiria hilo, lakini kuna kodi ndani yake. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 haihesabu matibabu kama kipato cha mfanyakazi pale yanapotolewa kwa wote bila ubaguzi. Ukiwawekea wakubwa bima yao ya peke yao, TRA wana haki ya kuuliza kwa nini isiingie kwenye mshahara wao na kukatwa. Na hata bila TRA, hapa ofisini dereva na meneja wanakula mezani pamoja.

DalaliMstaafu
Kijana, nimeuza hizi bima miaka mingi kabla sijarudi shambani Marangu. Unauliza swali la tatu kabla ya la kwanza. Umeomba ripoti ya madai?

NjiroHesabu
Shikamoo mzee. Hapana. Sikujua tunaweza kuiomba.

DalaliMstaafu
Marahaba. Mnaweza, na mdai leo hii. Dalali anayeleta bei mpya bila ripoti ni mchuuzi tu, na nasema hivyo nikijijua nilivyokuwa.

Bei ya kuhuisha haitoki hewani. Kampuni inachukua madai iliyolipa, inalinganisha na ada mliyotoa. Ikiwa mlitoa 52 na madai yalikuwa, tuseme, 49, basi 94 katika kila 100 imeliwa na hospitali. Juu yake kuna kamisheni ya dalali na gharama za kuendesha ofisi yao. Lazima wapandishe. Swali ni kwamba ile 49 imeliwa na nini.

Omba mchanganuo: matibabu ya nje peke yake, kulazwa peke yake, uzazi, meno, miwani. Kwa mwezi na kwa hospitali. Idadi ya safari za hospitali, sio pesa tu. Bila majina. Ukiipata, tazama kwanza kama kuna mgonjwa mmoja mkubwa. Upasuaji mmoja wa milioni 15 ni ajali, haurudi kila mwaka, na hapo una hoja ya kuwaambia waushushe. Lakini kama ni elfu hamsini hamsini mara mia tisa, hilo ni bomba linalovuja, na litavuja kwenye kampuni yoyote utakayohamia. Mpya atakupa bei tamu mwaka wa kwanza ili akupate. Mwaka wa pili mtaandikiana barua hiihii. Na ukihama bila kusoma, kuna muda wa kusubiri, ambao bima hailipi, kwenye uzazi na magonjwa ambayo watu wanayo tayari. Waandike kwenye mkataba kwamba wameuondoa. Kwa mdomo haitoshi, nimeona mama akilipishwa upasuaji wa uzazi kwa sababu hiyo.

Kingine, tazama miezi miwili ya mwisho wa bima. Kote nilikofanya kazi, watu wakikumbuka kikomo cha miwani kinaisha, macho yote yanaharibika pamoja.

SowetoMfamasia
😂 Na meno. Maji yetu ya mlima yana floraidi, nusu ya darasa langu tulikulia Meru na meno ya kahawia. Kuna watu wanataka bima iwasafishie weupe kabla ya harusi.

Niseme la upande wangu, niko dirishani kila siku hapa Moshi. Mtu mwenye kadi binafsi akiingia na mafua anatoka na vipimo vinne na dawa tano, kwa sababu kadi ipo. Julai ile ya baridi kali, mtu ambaye hajashuka nyanda za chini miezi sita anapimwa malaria, damu, mkojo, na dawa ya kuua vijidudu juu yake. Dawa nayo anapewa ya jina la biashara wakati ileile kwa jina lake la asili ipo kwa sehemu ndogo ya bei. Amlodipini ya presha ni amlodipini. Ongeeni na bima waandike kwamba jina la asili ndilo la kwanza, na anayetaka la biashara aongeze mwenyewe.

Lakini kwenye kuchangia kuweni makini. Mafua achangie 5,000, sawa, atafikiri mara mbili. Mgonjwa wa presha au sukari msimguse. Akiona kila mwezi ni 5,000 ataruka miezi miwili. Halafu anakuja na kiharusi, au figo, na figo ni kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Hapo ndipo mtaijua bei. Watoto wa chini ya miaka mitano nao muwaache.

UsaMaua
Kuhusu njia yako ya tatu, sisi tuliifanya kwenye shamba la maua huku Usa River, miaka miwili. Bima ya kulazwa tu, matibabu ya nje tukakubaliana na zahanati jirani: bei moja kwa kila anayeonwa na daktari, vipimo vya kawaida ndani yake, dawa tunalipa kwa orodha. Mwaka wa kwanza tulicheka. Zahanati haikuwa na sababu ya kumpima mtu mara nne, kwani hailipwi zaidi.

Mwaka wa pili likaja jambo ambalo hatukulipanga. Risiti zinapita kwa mhasibu. Mhasibu anajua nani anatumia dawa gani, na siku moja neno likatoka. Dada mmoja akaacha kazi, na hakusema sababu ila sote tuliijua. Ilinitia aibu ambayo bado ninayo. Tukabadilisha: zahanati inaleta ankara moja ya mwezi yenye namba tu, na daktari wa nje anaikagua mara moja kwa robo mwaka. Ukienda njia hii anza na hilo kabla ya pesa. Na weka kikomo kwa kaya, la sivyo mfuko wenu hauna sakafu. Tulitenga milioni 2 kwa mwezi, Julai ikala 4.

Wewe uliyeuliza, una watu 121. Kwa idadi hiyo matibabu ya nje unaweza kuyabeba. Kulazwa usithubutu.

Kijenge_Juu
Mbona hamsemi la wazi, wategemezi? Kata watoto, bima nusu.

WakiliClocktower
Inategemea mikataba yao inasemaje. Kama imeandikwa bima ni ya mfanyakazi na familia, huwezi kuamka Aprili ukafuta. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka masharti yabadilishwe kwa kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Makato mapya yasiyo ya kisheria yanataka ridhaa yake. Ukilazimisha mtakutana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko gharama zake hazina kikomo cha nje wala cha kulazwa.

TengeruMbuzi
Na dereva ambaye mtoto wake anaumwa haendeshi wageni Ngorongoro akiwa na akili timamu. Hilo halihitaji sheria.

Kaloleni_HR
Kuna kitu hakuna aliyegusa. WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kila mwajiri binafsi anachangia, siku hizi asilimia 0.5 ya mishahara. Kwa milioni 31 haipungui 155,000 kwa mwezi, na NjiroHesabu najua unailipa kwa sababu wewe ndiye unayejaza. Fidia ile inagharamia matibabu ya aliyeumia kazini. Sasa niambie, mpishi wenu akiungua maji ya moto kambini, au fundi akibanwa mkono gereji, anatoa kadi gani?

NjiroHesabu
Ya bima 🙈

Kaloleni_HR
Basi mnalipia mara mbili. Ajali ya kazini mtoe taarifa WCF mapema, jazeni fomu, mtu atibiwe huko. Na hiyo gharama haitaonekana kwenye madai yenu mwaka kesho.

MachameGate
Samahani natoka pembeni kidogo. Wapagazi je? Hao si wa kudumu, hawamo kwenye 121, lakini ndio wanaobeba mlima. Sisi tuliwalipia familia zao CHF iliyoboreshwa, ule Mfuko wa Afya ya Jamii, ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Ni ya vituo vya serikali, haina mbwembwe, ila mke wa mpagazi wangu alijifungua kwa kadi hiyo.

DalaliMstaafu
Jambo jema. Kijana, na hiyo tarehe ya Machi 31 umeifungia ndoa? Omba nyongeza ya miezi minne kwa bei ya mgawo, yaani mlipie miezi hiyo tu, mkataba mpya uanze Agosti wakati wageni wamejaa. Wengi wanakubali, ila ada isipolipwa kinga haianzi, kwa hiyo hiyo ya miezi minne iwe mkononi.

NjiroHesabu
Nimerudi wakuu. Ripoti imefika baada ya barua pepe tatu. Mzee ulikisia vizuri kuliko wao: madai 49.3. Matibabu ya nje peke yake 31. Safari za hospitali 940 kwa watu 121. Hakuna upasuaji mkubwa hata mmoja, ni bomba linalovuja. Ajali za kazini tatu zilizopita kwenye bima, mmoja ni kiongozi wa msafara aliyeteguka goti akishuka kambi ya Barafu mlimani Kilimanjaro, jumla milioni 4.2. Miwani 11, tisa zote Januari na Februari 😅

Nimeandika pendekezo. Tubaki binafsi mwaka huu, kuchangia 5,000 isipokuwa magonjwa ya kudumu na watoto wadogo, dawa kwa jina la asili, ajali ziende WCF, nyongeza hadi Agosti. Dalali kasikia haya kashuka hadi 57 bila kupigiwa kelele, nami namshuku zaidi kuliko mwanzo. NHIF nimewaombea hesabu yao kwa maandishi, tuiangalie mwakani tukiwa tumeongea na wafanyakazi mapema.

Tatizo limebaki moja. Ripoti haina majina, ina namba za uanachama. Kaya moja imetumia milioni 6.8, karibu yote matibabu ya nje, hospitali ileile moja. Ni mwanachama 001.

Kaloleni_HR
Mungu wangu. Bosi?

NjiroHesabu
Bosi, mama watoto, na watoto wanne.

DalaliMstaafu
Mpe ripoti kama ilivyo, usitie neno wala usipige mstari. Namba yake anaijua.

NjiroHesabu
Ijumaa saa nne asubuhi. Niombeeni.