epoll inakataa faili la diski
Mchumbageni: Wakuu, seva yetu hapa Tanga inasoma mafaili makubwa. O_NONBLOCK (alama ya kuomba usomaji usisubiri) imewekwa, bado read() inaganda, na epoll_ctl, ya kusajili faili kwenye epoll (njia ya Linux ya kungoja mafaili mengi kwa pamoja), inarudisha EPERM (kosa la "hairuhusiwi"). Kernel (kiini cha Linux) ni 4.15.

Ngamiani: O_NONBLOCK haina kazi kwa faili la kawaida, kernel hulihesabu liko tayari muda wote. Dawa ni io_uring (njia ya kuikabidhi kernel maombi ya kusoma na kupokea majibu baadaye), ila imeanza Linux 5.1 (2019). Kwa 4.15, weka nyuzi (threads) 4 za pembeni ziite pread() (kusoma kuanzia sehemu fulani ya faili), zigande zenyewe badala ya seva. AIO ya zamani (usomaji wa Linux usiosubiri) bila O_DIRECT (alama ya kupita kando ya kache ya kernel) itakugandisha vilevile, achana nayo.

Raskazone: Ukihamia io_uring, bafa (kumbukumbu ya kupokelea data) usiiachie kabla jibu halijafika, la sivyo kernel itaandika kwenye kumbukumbu iliyokwisha gawiwa kwingine. Hitilafu hiyo kuisaka ni balaa. Kagua res (namba ya matokeo ndani ya jibu): hasi ni kosa, 0 mwisho wa faili, ikiwa pungufu ya ulichoomba, omba kilichobaki.

Mchumbageni: Shukrani, naanza na nyuzi.