Naomba ushauri: Bunge la Kaisari lilikuwa na nguvu kweli?

Wakuu, salaam. Nafundisha historia kidato cha sita na wiki ijayo naongoza mdahalo kuhusu utawala wa Ujerumani ya Kaisari, 1871 hadi 1918. Nimekwama: tuuite demokrasia changa, au ufalme uliojivika koti la bunge?

Kila mwanaume aliyefikisha miaka 25 alipiga kura kuchagua Reichstag, yaani bunge, na bajeti haikupita bila ridhaa yake. Lakini kansela, mkuu wa serikali, aliteuliwa na Kaisari, wabunge hawakuweza kumng'oa. Huko Prussia, dola kubwa kuliko zote ndani ya Ujerumani, ndiyo usiseme: wapiga kura waligawanywa matabaka matatu kwa kodi wanayolipa, kura ya tajiri ikazimeza za vibarua wengi.

Bismarck, kansela wa kwanza, naye ananichanganya. Mwaka 1878 anapiga marufuku vyama na magazeti ya wasoshalisti, kisha analeta bima ya ugonjwa (1883), ya ajali (1884) na pensheni ya uzeeni (1889). Huruma? Mimi naona hesabu tu za kuwanasa wafanyakazi, na hazikumlipa: 1912 wasoshalisti ndio waliokuwa na viti vingi zaidi bungeni.

Nafikiria kuanzia Desemba 1906. Bunge lilikataa fedha za vita vya Namibia, wakati huo koloni la Ujerumani, kansela Bülow akalivunja, huku kwetu Maji Maji bado haijazimwa kabisa. Vijana wangeshika haraka.

Je, nianze na tukio hilo au na katiba ya 1871? Na waliosoma Ujerumani, walimu wa huko wanaegemea upande gani?