Mjadala: Je, kujifunza kwa walimu katika makundi ya WhatsApp kuhesabiwe kuwa mafunzo kazini?

Mleta mada, mwalimu wa Kiswahili, Gulu

Hoja ninayoileta mbele yenu, walimu wenzangu na wazazi, ni kwamba muda ambao mwalimu wa Uganda anautumia kujifunza pamoja na wenzake katika makundi ya WhatsApp na Telegram utambuliwe na Wizara ya Elimu na Michezo kuwa sehemu ya mafunzo yake kazini, kama zinavyotambuliwa siku mbili za semina yenye cheti na chai ya saa nne. Ninaiunga mkono hoja hii, nami nitaeleza sababu.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza mwaka 2020, Kiswahili kiliwekwa kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Wiki chache baadaye shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Mtaala uliotutaka tuache kumwaga maarifa ubaoni na badala yake tumwongoze mwanafunzi atende, achunguze na ajieleze ulitukuta tuko majumbani. Wengi wetu tulijifunza kuutumia kwa kuulizana kwenye simu, kwa kuwa mahali pengine pa kuulizana hapakuwepo.

Tena mwalimu wa Kiswahili nchini humu ni mpweke kwa namna ambayo wenzake hawaijui. Shuleni kwetu niko peke yangu. Mwenzangu wa hisabati akikwama humgeukia aliyeketi meza ya pili. Mimi nikikwama, mtu wa kuniauni yuko wilaya nyingine. Muhula uliopita mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliniuliza kwa nini tunasema "kifaru amelala" wakati "kiti" na "kikombe" havisemwi hivyo. Jibu nilikuwa nalo kwa mazoea tu, maelezo sikuwa nayo. Jioni nikaliuliza kundi. Mwalimu mmoja wa Mbale akanitumia sauti ya dakika nne kuhusu upatanisho wa majina ya viumbe wenye uhai, na mwingine wa Kasese akaongeza kwamba kifaru cha vita, kwa kuwa ni mashine, hurudi kwenye ngeli ya KI-VI, yaani kundi la majina kama kiti na viti: kifaru kimepita, vifaru vimepita. Kesho yake nilichora vifaru viwili ubaoni, mmoja mwenye pembe na kimoja chenye mzinga, na darasa zima likaielewa kanuni kabla sijaitaja. Semina gani ingenifikia usiku ule?

Nitaje na matamshi. Lugha hii wazee wengi wa hapa waliisikia kwanza katika amri za askari, na wanafunzi wetu wengi bado hawaisikii nyumbani. Sauti ya msimulizi wa Tanga au Unguja inayoingia darasani kupitia simu yangu ni kitabu ambacho shule haijawahi kukinunua.

Mchangiaji wa kwanza, mkuu wa idara ya lugha, Mbarara

Ndugu mleta mada, kisa chako cha vifaru ni kizuri, lakini umetuchagulia siku ambayo kundi lilikuwa na afya. Mimi nimo katika makundi matatu ya aina hiyo. Ujumbe mia moja ukiingia, themanini ni salamu za asubuhi, pole, pongezi na maombi ya "mwenye azimio la kazi la kidato cha pili atusaidie", yaani mpango wa masomo ya muhula. Anayeomba azimio hilo hataki kujifunza kuliandaa. Anataka alichapishe, aandike jina lake juu yake, na alikabidhi ofisini kabla ya mkaguzi kufika.

Na yanayotumwa yanatoka wapi? Mengi yanatoka Kenya, yaliyoandaliwa kwa mtihani wao, si kwa mtaala wetu. Mwalimu mmoja wa idara yangu alifundisha ngeli kwa muhula mzima akifuata maandalio ya namna hiyo, ambamo ngeli hutajwa kwa viambishi vya upatanisho, A-WA, LI-YA, U-I. Muhula uliofuata akapata maandalio mengine ya Kitanzania yanayozihesabu kwa nambari, moja na mbili, saba na nane, akayapokea nayo bila kuuliza. Wanafunzi walewale wakawa na mifumo miwili vichwani, na wakadhani ni ngeli tofauti. Siku moja nikakuta mtoto ameandika "tarakilishi" katika sentensi ya kwanza na "kompyuta" katika ya pili, akiamini ni vyombo viwili. Mitandao imempa mwalimu yule vitu vingi sana, isipokuwa uwezo wa kupambanua. Tukianza kumhesabia saa kwa kuwamo kundini, tutakuwa tunampa tuzo ya kupakua.

Mchangiaji wa pili, mzazi, Kampala

Mnajadili walimu, mimi niwasemee watoto. Katika mtaala huu alama 20 kati ya 100 za mtihani wa mwisho wa kidato cha nne hutokana na tathmini endelevu, ikiwemo miradi. Sasa picha za miradi hiyo husambazwa katika makundi ya walimu "ili wenzetu wajifunze", zikiwa na nyuso na majina ya watoto na wakati mwingine alama zao. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa hivyo. Mimi sijaombwa idhini yoyote. Picha ya mkeka alioufuma binti yangu inatosha kufundishia. Uso wake hauhitajiki.

Mchangiaji wa tatu, mwalimu, Adjumani

Kabla hatujarasimisha, tuulize anayelipa ni nani. Kuanzia Julai 2018 tulitozwa shilingi 200 kila siku ili tu kufungua mitandao ya kijamii, na kodi hiyo ilipoondolewa Julai 2021 ikaja nyingine ya asilimia 12 juu ya data yenyewe. Facebook nayo ilifungwa Januari 2021, wakati wa uchaguzi, na kundi letu la walimu wa fasihi lililokuwa huko lilitawanyika na mafaili yake yote. Waliobaki ni wale wachache waliojua kutumia VPN, programu ya kupita vizuizi vya mtandao. Kiswahili kinahesabiwa kuwa somo la sanaa, na sote tunakumbuka mgomo wa walimu wa sanaa mwaka 2022, mishahara ya wenzetu wa sayansi ilipopandishwa na yetu ikaachwa ilipo. Mafunzo rasmi yanayolipiwa na mfuko wa mwalimu, juu ya jukwaa linaloweza kuzimwa usiku mmoja, mimi nayaona kama mzigo uliopewa jina zuri.

Mleta mada

Ninawashukuru. La mzazi silipingi hata kidogo. Nimerudi kwenye simu yangu na kufuta picha mbili. Kuhusu gharama, ndugu wa Adjumani amenipa hoja badala ya kuninyang'anya: kitu kisipotambuliwa rasmi hakuna bajeti ya shule inayoweza kukigharimia, na kwa sasa tunalipia wenyewe bila hata kutambuliwa.

Dada wa Mbarara ndiye aliyenisumbua, kwa sababu yale maombi ya azimio la kazi mimi nami nimewahi kuyaandika. Kwa hiyo ninairekebisha hoja: zisihesabiwe saa wala ujumbe. Kihesabiwe kipindi kimoja kilichofundishwa kutokana na jambo lililojadiliwa kundini, kikashuhudiwa na mwalimu mwingine aliyeketi darasani, wakaandika wawili hao ukurasa mmoja wa walichokiona.

Mtaniuliza nani atanishuhudia mimi niliye peke yangu. Nimelijaribu wiki hii. Nilimwomba mwalimu wa Kiingereza aketi nyuma ya darasa, naye Kiswahili chake hakivuki salamu. Sikutarajia mengi. Baada ya kipindi aliniambia kwamba hakuelewa nilichofundisha, lakini alihesabu maswali kumi na moja niliyoyauliza, na tisa kati ya hayo niliyajibu mwenyewe kabla ya mkono wowote kuinuliwa. Nimo katika kundi lile kwa miaka mitano, na hakuna aliyewahi kuniambia hilo.